Nyumba Iliyogawanywa kwa Kamba

Ukitaka kuniharibia siku, nisifie yale maduka yetu ya mjini. Niambie yamependeza, malumalu inang'aa, fremu za biashara zimepangika. Watu hunisimamisha sokoni Bukoba wakidhani wananipa pongezi, nami hutabasamu kwa adabu niliyolelewa nayo. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi mpaka nikastaafu, na hasira zangu zinajulikana toka Rwamishenye hadi ziwani. Lakini kwa jambo hili nimekosa wa kumchapa, maana hata mimi nimo.

Ile ilikuwa nyumba moja. Aliijenga mfanyabiashara wa Kihindi enzi za wakoloni, alipokuwa ananunua kahawa na ngozi. Mwaka siujui. Uliandikwa kwa saruji juu kabisa, usoni mwa nyumba, katikati ya maua mawili ya saruji, ila tangu nipate akili umefunikwa na bango: kwanza la soda, baadaye la sabuni, sasa hivi la simu. Kuta zake ni za mawe, unene wake toka kiwiko changu hadi ncha za vidole. Mbele kuna baraza la nguzo sita, watu walijikinga mvua pale bila kumwomba mtu ruhusa, na mvua ya Bukoba haina saa. Chini kulikuwa na chumba kimoja kirefu cha biashara na stoo ya kahawa. Nyuma ni ua uliosakafiwa, jiko la moshi, na chini ya sakafu ya ua tangi kubwa la kukingia maji ya paa. Juu kulikuwa na vyumba vinne na roshani ya chuma iliyotazama ziwa.

Katikati ya hayo yote ndipo ilipokuwa ngazi. Ilikuwa ya mvule, vidato kumi na tisa, ukipanda cha saba kinalia. Nusu ya njia ilipinda, na kwenye kona kulikuwa na kidirisha cha duara kisichofunguka. Wakati wa likizo tuliletwa mjini kutoka Muleba, nami nilikaa pale konani nikiwatazama watu wa chini vipara vyao. Mbao zile zilinuka kahawa hata miaka ambayo hapakuwa tena na gunia moja mle ndani. Fundi mmoja mzee aliwahi kuniambia kwamba ngazi ndiyo iliyojengwa kwanza na nyumba ikafuata. Sijui kama ni kweli, ila ukiingia uliona hivyo.

Babu yangu alikuja mjini toka Muleba kuwa mpimaji kwenye mizani ya yule Mhindi. Mwenye nyumba alipoamua kuondoka, akamuuzia babu. Mtu aliyekuwa anaingia kwa mlango wa nyuma akawa analala chumba cha roshani. Pamoja na hayo babu hakuizoea. Akisema nyumbani alimaanisha Muleba, kwenye kibanja, kwenye migomba na mibuni na makaburi ya wazee wake. Nyumba ya mjini haina kaburi, alikuwa akisema, na alipofariki tulimpeleka kwenye kibanja kama ilivyo ada. Mtu wa kwetu atakuelewa: penye kaburi hapauzwi na hapakatwi ovyo. Pasipo na kaburi, kila mmoja anajiona ana ruhusa.

Shangazi yangu, dada yake baba, ndiye aliyemtunza babu miaka yake ya mwisho. Alikuwa amerudi toka kwenye ndoa isiyo na mtoto, na kwetu mwanamke wa namna hiyo hupewa kona ya kukaa, hapewi mali. Yeye kona yake ikawa juu. Alimgeuza babu kitandani, alimlisha, alimwogesha, alipanda na kushuka vidato vile na ndoo mpaka magoti yakamwisha. Wanaume wa ukoo walikuja Jumapili baada ya misa, wakakaa saa moja na kuaga. Babu akiwa anajua kwamba anaondoka alituita wote, akasema huyu binti yake asitolewe juu mpaka Mungu atakapomchukua. Wote tuliitikia. Mimi nililia, na mdogo wangu wa kiume alilia kuliko mimi.

Matanga yalipokwisha tukagawana.

Baba mkubwa ndiye aliyekuwa mrithi mkuu, kwa hiyo kamba alishika yeye. Ilikuwa kamba ya katani, ile ile ya kupimia migomba. Siku ya kwanza tuligawa kibanja Muleba na kazi ikaenda vizuri, maana wazee wale kazi hiyo waliijua tangu utotoni: unavuta kamba toka barabarani hadi mwisho wa shamba, unapanda mulamula kwenye mpaka, basi, hakuna kesi. Mulamula ni mti mwembamba wa majani marefu, haufi hata ukiuchoma, na popote Buhaya ukiuona umesimama mstarini unajua hapa fulani anaishia. Kesho yake kamba ile ile ikapakiwa kwenye gari na kuletwa mjini.

Wakavuta toka barabarani hadi ukuta wa nyuma. Mara ya kwanza, mara ya pili, vikapatikana vipande vitatu virefu kama vitanda vya viazi. Baba mkubwa akachukua cha kushoto, chenye kona ya barabara. Cha katikati kilikuwa cha marehemu baba yangu, kwa hiyo kikaenda kwa mdogo wangu. Cha kulia kikachukuliwa na baba mdogo. Halafu, jamani, walileta nyundo na tindo, wakatoboa sakafu ya ua ambayo yule Mhindi aliimwaga kwa ustadi wake wote, wakapanda milamula juu ya tangi la maji. Miaka michache baadaye mizizi ikapasua tangi na maji yakapotelea ardhini. Tetemeko lilikuja likaangusha nyumba za watu mji mzima, ya kwetu ikatoka na ufa mmoja juu ya dirisha. Tetemeko halikuiweza nyumba ile. Tuliiweza sisi wenyewe.

Mwandishi wa kikao nilikuwa mimi. Nina mwandiko mzuri, wazee huwa wanausifia. Niliandika nani kapata nini, kamba imepita wapi, milamula mingapi imepandwa. Nikaandika kwamba ghorofa ya juu ni ya shangazi kukaa mpaka Mungu atakapomchukua. Wote wakaweka sahihi, na wasiojua kuandika wakaweka dole gumba. Watoto wa shule niliwafundisha kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Hii ilipotea daftari likiwa wazi mapajani mwangu, maana nilisahau ngazi. Na unajua nilikuwa nimeketi wapi nikiandika? Nilikuwa kwenye kidato cha tatu cha ngazi yenyewe.

Hakuna aliyeinua macho siku ile. Ndiyo namna tulivyozoea kugawa. Shamba linalala chini, ukivuta kamba umemaliza. Nyumba inasimama, na kamba yetu haikujua kusimama. Ghorofa ikawa ya mtu mmoja, na njia ya kuifikia ikawa ndani ya kipande cha mtu mwingine, na watu wazima zaidi ya ishirini, mwalimu akiwamo, wakaenda kunywa rubisi wakiwa wameridhika.

Mambo yalikwenda polepole. Baba mkubwa akajenga ukuta wa matofali ndani ya chumba kirefu, akapata fremu mbili. Baba mdogo naye akajenga wake, akaweka duka la pembejeo. Madirisha ya mbao yakang'olewa, ikawekwa milango ya chuma ya kukunja. Kila mmoja alipaka kipande chake rangi aliyoipenda, kwa hiyo ukisimama ng'ambo ya barabara unaona nyumba moja yenye rangi tatu, na nguzo mbili ambazo kamba ilipita katikati yake zimepakwa nusu kwa nusu. Mimi nikipita nilikuwa natazama chini.

Mdogo wangu alivumilia kwa muda. Nasema kweli, sitaki kumwonea. Nilimbeba mgongoni, nikamfundisha kusoma, namjua si mtu mbaya. Lakini fremu yake ilikuwa na ngazi katikati, na ngazi ilikula karibu nusu ya nafasi. Kila mpangaji aliyekuja aliitazama akaondoka. Mwishowe alipatikana bwana mmoja wa kuuza simu, mtu mpole, si wa huku, akasema atachukua fremu ikiwa tupu toka mlangoni hadi ukuta wa nyuma. Mdogo wangu akapanda vile vidato kumi na tisa kwenda kumwomba shangazi ahamie Muleba, kwenye kibanja, atajengewa chumba kizuri.

Shangazi alimwambia hashuki, na tangu siku hiyo kweli hakushuka. Aliogopa akitoka tu atarudi akute hana njia. Alikuwa mkatoliki wa kila asubuhi, akaacha misa. Padri akawa anampandishia komunyo. Mimi nilimpelekea ndizi, dagaa, mafuta ya taa, sabuni. Alijisikia huru juu pale, alikuwa na roshani yake na mashine yake ya kushonea, na alimjua kila apitaye barabarani kwa mwendo wake. Fundi aliyeletwa kubomoa alikataa kuvunja ngazi juu kukiwa na mtu, na mdogo wangu mwenyewe hakuthubutu kulazimisha.

Nilimfuata mdogo wangu kwake, nikamfokea mbele ya mke wake, jambo ambalo si adabu. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi.

"Dada, soma ulichoandika wewe mwenyewe," akaniambia. "Ghorofa ni ya shangazi, ipo, sijaigusa na sitaigusa. Mimi naondoa kilicho kwenye kipande changu."

Tukaitisha kikao cha ukoo. Wazee walisoma lile daftari kwa zamu, wakakubaliana kwamba shangazi ana haki kamili ya ghorofa, na mdogo wangu ana haki kamili ya ngazi. Walilisema kwa sauti ya watu waliotatua jambo. Nikauliza, sasa atapita wapi, atapaa? Mmoja akatoa wazo la ngazi ya chuma uani, nyuma. Wazo zuri, kila mtu akalisifu, mpaka ikaulizwa itasimama kwenye kipande cha nani. Baba mkubwa akasema si kwake. Baba mdogo akasema si kwake, magari ya mbolea yanageuzia pale. Mdogo wangu akasema kwake ndiyo kwanza anataka kujenga stoo. Wakatoka nje kuhakikisha milamula imesimama wapi. Ningekuwa na panga mkononi siku ile ningeifyeka yote, nikaifyeka na mizizi.

Kwenye ofisi ya mtaa nako tulikwenda. Mwenyekiti aliniheshimu sana, akasoma, akasema mwalimu, hapa ngazi haipo. Kila nilipokwenda nilionyeshwa mwandiko wangu mzuri.

Ikaendelea hivyo zaidi ya mwaka, shangazi yuko juu, fremu haina mpangaji, mdogo wangu haniamkii. Kisha ukaja msiba wa Kimwani, kule kule Muleba.

Aliyefariki ni mama mdogo wa shangazi, mwanamke aliyemlea baada ya mama yake kufa. Kule Muleba usipozika watu, na wewe hutazikwa. Watakuja, ndiyo, lakini watakaa pembeni na mikono mifukoni. Na huyu hakuwa mtu wa kutumiwa salamu za pole. Shangazi alikaa siku nzima kwenye kiti chake cha roshani, rozari mkononi, bila kula. Jioni akaniuliza kama akishuka atarudi.

Nikampigia mdogo wangu simu. Alinijibu kwa upole ambao sikuwa nimeusikia toka kwake kwa muda mrefu. Akasema, dada, msiba ni msiba, twende kwanza tukazike, hayo ya ngazi ni ya baadaye. Mimi nikayachukua maneno hayo kama kiapo. Nilikuwa nimechoka kugombana naye, nilitaka sana awe tena yule niliyembeba. Nikapanda juu, nikapiga magoti mbele ya shangazi.

"Shuka, shangazi. Hakuna atakayegusa kitu watu wakiwa msibani. Nakuahidi mimi."

Alifunga chumba chake. Ufunguo akaufunga kwenye pindo la kanga. Alishuka kidato kimoja kimoja akishika mbao kwa mikono miwili, na cha saba kilipolia alisimama kidogo, akaendelea.

Kimwani tulizika vizuri. Mdogo wangu alikuwepo, alishika koleo, alitupa udongo kuliko vijana wote, na shangazi akanitazama kama mtu anayesema alimhukumu mtoto vibaya. Baadaye mdogo wangu akaaga mapema, ana shughuli mjini. Sisi wanawake tulibaki kulala msibani siku nne, kama inavyotakiwa. Siku zote nne nilipika, nikaosha vyombo, nikacheka na mashangazi wengine, sikushtuka hata kidogo. Kikulacho ki nguoni mwako, nimeifundisha methali hiyo miaka yote kwenye ubao, na sikuijua.

Tuliporudi ilikuwa mchana, jua kali. Nilimshika shangazi mkono kupanda barazani. Mlango wa chuma ulikuwa umekunjwa juu, na ndani palikuwa peupe, panang'aa, panafika hadi ukuta wa nyuma bila kitu katikati. Rafu za simu zilikuwa zimekwisha kupangwa. Pale juu ilipokuwa ikiingilia ngazi palikuwa na dari mpya ya jipsamu na taa za duara. Yule bwana wa simu alitoka nyuma ya meza, akatuamkia, akampa shangazi shikamoo. Maskini, alidhani ni wateja.

Shangazi alitazama dari kwa muda. Alikuwa ameshika ufunguo mkononi, alikuwa ameufungua toka kwenye pindo tukiwa bado njiani. Bwana wa simu akaleta kiti cha plastiki, shangazi hakukaa. Mimi nilikuwa nimeanza kulia na kutukana kwa pamoja, kwa Kihaya na Kiswahili, watu wanasimama barazani. Akanigusa bega.

"Daftari lako unalo?" akauliza. "Andika kwamba sikufukuzwa. Nilikwenda kuzika."

Sikuwa nalo. Niliandika usiku kwangu, ukurasa ule ule chini ya sahihi zao zote, nikaweka na tarehe. Halisaidii kitu, najua. Mdogo wangu nilimpigia, akasema kazi imefanywa na mafundi haraka kwa sababu mpangaji asingesubiri tena, na kwamba hajagusa hata kijiko cha shangazi. Hilo ni kweli tupu. Kitanda, mashine ya kushonea, picha ya babu, sanduku la nguo zake za kanisani, vyote viko juu kama alivyoviacha. Mbao za mvule sijui zilikwenda wapi, nasikia mtu wa Kashai ametengeneza viti vya baa. Nilitaka tuweke ngazi ya fundi umeme barabarani, tuvitoe vitu kwa roshani. Shangazi akakataa katakata. Vitu vya mwenye nyumba havitolewi dirishani, alisema, wezi ndio wanaotoa dirishani.

Kwa hiyo anaishi kwangu Rwamishenye, chumba cha chini, kama vyumba vyetu vyote. Ameanza tena misa. Akienda kanisani anazunguka njia ya mbali asipite mtaa ule. Mimi napita kwa sababu ya soko, na nikipita sasa natazama juu, naona pazia lake la maua linapepea nje ya dirisha. Aliacha dirisha wazi kwa sababu tulikuwa tunakwenda siku chache tu.

Mvua za mwezi uliopita zilikuwa kubwa. Asubuhi moja tukiwa jikoni, simu yangu ikaita. Alikuwa yule bwana wa simu. Kwanza akanisalimia sana, akaulizia hali ya mama, ndipo akaeleza kwamba maji yanashuka darini juu ya bidhaa zake, akasema, nadhani mwalimu kuna dirisha mmelisahau huko juu. Alikwisha kumpigia mdogo wangu, akajibiwa kwamba ghorofa si yake, ina mwenyewe, aulizwe mwenyewe.

"Sasa mwalimu, nisaidie," akasema. "Huko juu mnapandia wapi?"

Simu yangu ina sauti kubwa, shangazi alisikia kila neno. Alikuwa anamenya ndizi juu ya ungo. Hakuinua uso.

"Mwambie ufunguo uko hapa," akasema.